Nimechoka kuutunza mradi huria peke yangu, je, nimkabidhi mgeni funguo?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, nina mke na watoto wawili, na tunaishi Kimara. Ajira yangu ni kutengeneza na kuhudumia mifumo ya kompyuta katika kampuni moja ya kusafirisha mizigo iliyopo katikati ya jiji. Ninakuandikia kwa sababu jambo nililolianza kwa mapenzi limekuwa mzigo, na kila ninayemshirikisha hunijibu kwa neno moja tu, kwamba niachane nalo.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ndogo ambayo wasanidi wenzangu wanaweza kuiingiza ndani ya mifumo yao. Kazi yake ni kugeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili, kama inavyohitajika kwenye hundi na ankara, na kutaja saa kwa hesabu yetu, ambayo saa 2 asubuhi ndiyo 8:00 ya kompyuta. Niliiweka mtandaoni pamoja na msimbo wake wote, yaani maandishi yanayoiunda programu, kwa leseni ya MIT, ili yeyote aitumie, aibadilishe na kuisambaza bila kuniomba ruhusa; huo ndio mradi huria. Nilitarajia iwafae rafiki zangu wachache. Sasa imo ndani ya mifumo ya maduka, ya shule na ya vikundi vya kuweka na kukopa, hapa nchini na hata Kenya, na wengi wanaoitumia siwafahamu kabisa.

Jioni nikitoka kazini ninapanda mwendokasi, ninafika nyumbani, ninakula, kisha ninafungua kompyuta. Ujumbe wa WhatsApp huingia hadi usiku wa manane: “Kaka, samahani kwa usumbufu, ile programu yako imegoma na tuna mteja hapa.” Nikimjibu mmoja leo, kesho huja wengine na swali lile lile. Mke wangu alinivumilia kwa muda mrefu, lakini wiki iliyopita aliniambia kwamba watu wa nje wanapata akili yangu ikiwa nzima na wao wa nyumbani wanapata masalia, tena kwa bando linalonunuliwa kwa fedha ya matumizi ya nyumba. Sikuwa na la kumjibu. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenisomesha, yeye huuliza kila tukikutana nimelipwa shilingi ngapi, na nikisema sijalipwa huishia kutikisa kichwa.

Kilichonivunja moyo zaidi ni kampuni moja inayowauzia wateja wake mfumo wa ankara kwa ada ya kila mwezi. Imegundua kwamba programu yangu huandika “elfu kumi na tano” kwa 15,000 na huandika maneno hayo hayo kwa 10,005, na mhasibu wa mteja wao amezikataa ankara. Wameniandikia kwa ukali kwamba nirekebishe kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo watamkabidhi suala hili mwanasheria wao. Hawajawahi kunilipa hata senti moja, wala mimi sijawahi kuwadai.

Katika hali hii wamejitokeza watu wawili. Wa kwanza ni mtu wa nje ya nchi, simjui ila kwa jina analotumia mtandaoni. Ameleta marekebisho machache mazuri sana na sasa ananisihi nimkabidhi funguo zote, yaani ruhusa za kubadili msimbo na kutoa matoleo mapya, akisema kwamba mimi nimeshachoka na watumiaji wanaumia. Wa pili ni binti mmoja anayesoma chuo Mbeya. Miezi mitatu iliyopita alileta marekebisho ya namna elfu zinavyoandikwa. Yalifanya 15,000 isomeke “kumi na tano elfu”, lakini yaliharibu 1,000 ikawa “moja elfu”, na wala hakuandika majaribio yoyote, yaani vipimo vya kuthibitisha kwamba programu inatoa matokeo sahihi. Niliona kumwelekeza kungenichukua muda mrefu kuliko kuandika upya mimi mwenyewe, nikamwacha bila jibu.

Nimefikiria kumpa yule mgeni funguo nipumzike. Siku nyingine ninafikiria kuufuta mradi wote usionekane tena. Naomba ushauri wako, Mwalimu.

Niliyeelemewa, Kimara

*

Marahaba, mwanangu.

Usimkabidhi mtu yeyote funguo ukiwa katika uchovu huu, na usifute chochote. Hayo ndiyo mawili ya haraka. Baada ya hapo naomba uisome barua yako mara ya pili, kwa sababu jawabu la sehemu kubwa ya tatizo lako umeliandika mwenyewe na kulipita. Kampuni inayokutisha inalalamikia hitilafu ya elfu, na binti wa Mbeya alikuletea marekebisho ya hitilafu hiyo hiyo miezi mitatu iliyopita. Aliyeona kasoro kabla ya mhasibu, akakaa chini kuitafutia dawa bila kuombwa, ndiye uliyemnyima jibu, na aliyekuwa na maneno mazuri ya kukuhurumia ndiye unayetaka kumpa nyumba nzima.

Nianze na huyo mgeni, kwa sababu hapo ndipo penye hatari. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi wa Microsoft aitwaye Andres Freund alitangaza kwamba amegundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila kompyuta inayoendeshwa na Linux, mfumo endeshi ulio huria. Kilichomshtua mwanzoni ni jambo dogo: kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya mbali kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida, naye hakuridhika mpaka alipojua sababu. Mradi wa xz ulikuwa umetunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja aliyejitolea, ambaye naye alikuwa ameelemewa kama wewe. Mtu aliyejiita Jia Tan alianza kuleta marekebisho yaliyoonekana kuwa mema, akaendelea hivyo kwa zaidi ya miaka miwili, na wakati huohuo akaunti nyingine zisizofahamika zikawa zinamlaumu mtunzaji kwa kuchelewa na kumsukuma aongeze msaidizi. Hatimaye Jia Tan akapewa ruhusa ya kutoa matoleo. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango huo ndani yake, yakaingia katika matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, ambazo ni aina mbili za Linux, na kama si ile nusu sekunde yangeendelea kusambaa kwenye kompyuta za dunia nzima.

Sisemi kwamba mgeni wako ni mwovu. Inawezekana kabisa kwamba ni msanidi mwema anayetaka kusaidia, na miradi mingi mizuri imeokolewa na watu wa namna hiyo. Ninachosema ni kwamba wema wa marekebisho machache hautoshi kuwa dhamana, maana hata miaka miwili ya kazi nzuri haikutosha kule, na kwamba mtu anayetumia uchovu wako kama hoja ya kupewa funguo anapaswa kukufanya uongeze tahadhari. Programu yako inaandika kiasi cha fedha kwenye ankara na hundi za watu. Anayeshika ruhusa ya kutoa matoleo yake ameshika mkono wa wahasibu ambao hata hawajui kwamba wewe upo.

Kuna njia ya katikati ambayo haimdhalilishi. Tenganisha ruhusa. Kupendekeza mabadiliko ni haki ya kila mtu, na hilo analo tayari. Kuyapitia mabadiliko ya wengine na kutoa maoni ni hatua ya pili, nayo unaweza kumpa kesho. Kuyaingiza mabadiliko kwenye msimbo mkuu kuwekewe sharti kwamba lazima mtu mwingine asiyeyaandika ayakubali, na huduma kubwa za kuhifadhi msimbo zina mpangilio wa kulazimisha sharti hilo. Kutoa toleo jipya kubaki kwako mpaka wawepo watu wawili unaowafahamu kwa sura na sauti, ambao umeshazungumza nao, unajua wanafanya kazi wapi na wanajibu kwa nani. Mwandikie hivyo kwa lugha ya heshima. Kama nia yake ni kusaidia, atabaki na kazi itakuwepo. Akikasirika na kutoweka, hukupoteza kitu.

Sasa tuje kwa binti wa Mbeya, na hapa naomba univumilie nikirefusha, kwa sababu nimefundisha kompyuta kwa sehemu kubwa ya maisha yangu na ninajua kimya cha miezi mitatu kinamfanya nini mwanafunzi. Anadhani kazi yake ilikuwa ya aibu. Anadhani wakubwa waliicheka. Wengi hawarudi tena, na hakuna anayewahi kujua nchi imepoteza wasanidi wangapi kwa barua ambazo hazikujibiwa.

Wewe uliona kwamba aliharibu 1,000 na kwamba hakuandika majaribio. Mimi ninaona kwamba alisoma msimbo wa mtu asiyemjua, akaelewa mahali ambapo elfu zinatungwa, akagundua kwamba 15,000 na 10,005 zinatoka na sura moja, na akapata suluhisho ambalo ni sahihi kwa nusu ya safari. Kusahau kwamba elfu moja peke yake hutajwa kwa mpangilio mwingine ni kosa la kawaida kabisa, na dawa yake ni hayo majaribio ambayo bila shaka hakuna aliyemfundisha kuyaandika. Ulipima kwamba kumwelekeza kungechukua muda mrefu kuliko kuandika mwenyewe, na kwa jioni ile moja ulipima sawa. Lakini hesabu hiyo umeifanya kwa kila aliyekuja, na ndiyo maana mpaka leo uko peke yako.

Mwandikie leo, na jibu liwe hadharani chini ya marekebisho yake, si kwenye simu. Linaweza kuwa hivi: “Samahani kwa kuchelewa kukujibu. Umeiona hitilafu ambayo mimi sikuiona, na kwa 15,000 matokeo yako ni sahihi. Kwa 1,000 sasa inaandika ‘moja elfu’, nasi tunataka ‘elfu moja’. Tafadhali ongeza majaribio ya 1,000, 10,005, 15,000, 100,000 na 1,015,000, nimekuwekea mfano wa jaribio moja hapa chini, kisha tuyaangalie pamoja.” Angalia kwamba jibu hilo linataja kilicho sahihi kabla ya kasoro, linataja kasoro kwa namba na si kwa sifa za mtu, na linampa mahali pa kuanzia. Litakuchukua robo saa. Atakapolikamilisha, mpe hitilafu nyingine ndogo, na baadaye mwombe ajibu yeye swali la mgeni mwingine. Jina lake liandikwe kwenye orodha ya waliochangia toleo hilo, wazi, kwa sababu kwa mwanafunzi anayetafuta kazi maandishi hayo yana uzito kuliko vyeti vingi ninavyoviona. Mweleze pia kwamba ipo mipango inayowalipa posho vijana wanaojifunza kwa kuchangia miradi huria, kama vile Google Summer of Code, iliyoanza mwaka 2005 na ambayo tangu 2022 haiwabagui wasio wanafunzi, na Outreachy, inayochukua watu mara mbili kwa mwaka. Kote huko humsaidia mwombaji akiwa amewahi kushirikiana na wengine katika mradi halisi, na mradi wako mdogo unaweza kuwa ndio huo.

Kuhusu ujumbe wa usiku, wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wako umewakaribisha kwa miaka na jembe hujawahi kulitoa. Kujibu kwa WhatsApp ni kutoa ujuzi uleule mara nyingi kwa mtu mmoja mmoja, gizani, mahali ambapo mwingine mwenye swali hilo hawezi kuupata. Kuanzia sasa kila ujumbe wa simu upate jibu moja tu, la upole: “Tafadhali liandike swali hili kwenye ukurasa wa mradi, ukieleza toleo unalotumia, namba uliyoiingiza na matokeo uliyoyapata.” Baadhi wataona unaringa. Vumilia. Baada ya wiki chache majibu yatakuwa yamekusanyika mahali pamoja, yatatafutika, na utashangaa kuona watumiaji wanajibizana wenyewe. Andika pia ukurasa mfupi wa mwongozo, kwa Kiswahili fasaha, unaoeleza jinsi ya kuiingiza programu, makosa yanayojirudia, na namna ya kupendekeza marekebisho. Wasanidi wetu wengi huandika mwongozo kwa Kiingereza pekee hata programu inapokuwa ya Kiswahili, na kwa maoni yangu hilo linawafungia nje vijana walewale tunaolalamika kwamba hawachangii.

Kwa ile kampuni, usiogope na usigombane. Leseni ya MIT uliyoichagua ina maneno yanayosema wazi kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote, na kwamba mwandishi hawajibiki kwa hasara itakayotokana na matumizi yake. Waliikubali leseni hiyo walipoichukua programu. Wewe pia leseni hiyo inakubana: huwezi kuwadai ada kwa matumizi ya nyuma, kwa kuwa uliwaruhusu bila masharti ya malipo. Kinachouzika ni muda wako. Waandikie barua fupi isemayo kwamba hitilafu imeingizwa kwenye orodha ya mradi na itarekebishwa kwa utaratibu wa kawaida wa watu wanaojitolea, na kwamba wakihitaji kazi ikamilike kwa tarehe wanayoitaka wao, unaweza kuifanya kwa malipo na kwa makubaliano ya maandishi. Kama hujui utoze kiasi gani, chukua mshahara wako wa mwezi uugawe kwa saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, ambazo kwa mwezi ni takriban 195. Utakachopata hapo ndicho kiwango cha chini kabisa, na kazi ya usiku kwa haraka ya mteja inastahili zaidi ya hapo. Wakitaka kusaidia bila kutoa fedha, wamruhusu msanidi wao mmoja afanye kazi kwenye mradi wako siku moja ya juma. Kampuni inayojenga biashara juu ya jasho la wengine na kuleta vitisho badala ya mikono inafanya jambo baya, na ninalisema hili nikijua kwamba wapo wasomaji wangu wanaoongoza kampuni za namna hiyo.

Jambo hili si la Dar es Salaam peke yake. Mwezi Aprili 2014 ilifichuka hitilafu iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu huria iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti za dunia, za benki zikiwemo, na ndipo watu walipotambua kwamba ilikuwa ikitunzwa na kikundi kidogo sana cha watu na kwa michango isiyofikia mshahara wa mtu mmoja. Baada ya aibu hiyo kampuni kubwa zilichanga fedha kupitia Linux Foundation. Zilikuwa na uwezo wa kuchanga tangu mwanzo.

Kabla ya kupokea malipo yoyote, soma mkataba wako wa ajira. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta, na kazi iliyofanywa kama sehemu ya majukumu ya ajira inaweza kuhesabiwa kuwa ya mwajiri. Usiutumie muda wa ofisi wala kompyuta ya ofisi kwa mradi huu bila ruhusa ya maandishi. Hata hivyo omba ruhusa hiyo, kwa sababu kampuni ya usafirishaji inayotoa ankara kila siku huenda nayo inaitumia programu yako.

Mjomba wako ana haki ya kuuliza, maana ndiye aliyelipa ada, na usimjibu kwa kununa. Mweleze kwamba simu yake, kama ni ya Android, inaendeshwa juu ya kiini cha Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, na ambacho leo kinaandikwa kwa sehemu kubwa na watu wanaolipwa mishahara na kampuni zao. Kwa hiyo anachokisema kina ukweli: mtumiaji kupata bure hakumaanishi kwamba aliyetengeneza hapaswi kula. Kisha mwoneshe ya nyumbani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, ambayo iliwapa watu programu za ofisi kwa Kiswahili. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambao wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wa mitaa, walipita kwa miguu kwenye maeneo yanayofurika, wakachora nyumba, mitaro na vichochoro, na kuviweka kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, ili yeyote avitumie. Ramani hizo zinasaidia katika mipango ya kukabili mafuriko, na wale vijana walitoka na ujuzi wa upimaji na takwimu ambao darasani wangeupata kwa maandishi tu. Takwimu za vituo vya afya nchini nazo hukusanywa kwa DHIS2, programu huria iliyolelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Tanzania wamo miongoni mwa wanaoiendeleza. Mjomba akisikia kwamba kazi yako ni ya jamii moja na hizo, ataelewa. Kuhusu shilingi, mwambie kwamba mwezi huu umetuma bei kwa mara ya kwanza.

Nimemwacha mke wako hadi hapa kwa sababu yaliyotangulia yote yanahitajika ili umpe jibu la kweli. Usimwahidi kwamba utaacha, kwa kuwa hutaacha, naye atajua. Kaa naye mchana, siku ambayo hakuna kompyuta mezani, umwoneshe mradi ni nini, nani anautumia, na unapanga kuufanyaje. Kubalianeni jioni mbili za juma na saa ya kufunga, na jioni nyingine simu ikae mbali na wewe. Bando la mradi litolewe kwenye fedha yako ya mfukoni au kwenye malipo ya kampuni zitakazokubali kulipa, lisiguse tena fedha ya matumizi. Kisha mpe yeye nguvu ya kukukumbusha, na akikukumbusha usikasirike. Watoto wako ni wadogo kwa muda mfupi tu, na hitilafu ya elfu inaweza kusubiri Jumamosi, jambo ambalo hata leseni yako inalikubali.

Andika masharti hayo pia kwenye ukurasa wa kwanza wa mradi: kwamba unatunzwa kwa kujitolea, kwamba maswali hupitiwa jioni mbili za juma, na kwamba anayehitaji huduma ya haraka anaweza kuinunua. Utakuta kwamba watu wengi ni waungwana wakishaambiwa mpaka uko wapi.

Na ikiwa baada ya miezi sita ya utaratibu huu bado moyo umekataa, unayo haki ya kuacha, na hakuna anayekudai. Ila uache bila kufuta. Mwezi Machi 2016 msanidi mmoja aliyegombana na waendeshaji wa npm, hifadhi ya mtandaoni ambamo wasanidi huchukua programu ndogo za kuingiza kwenye mifumo yao, aliziondoa programu zake zote, miongoni mwake left-pad, yenye mistari 11 tu ya msimbo, na miradi mingi duniani iliyoitegemea ikashindwa kujengwa mpaka iliporudishwa saa chache baadaye. Wewe toa tangazo miezi mitatu kabla, andika juu kabisa kwamba mradi hauendelezwi tena, ufunge usipokee mabadiliko mapya, yaache matoleo ya zamani mahali yalipo ili mifumo ya watu isizime, na uweke kiungo cha nakala ya yeyote atakayeuendeleza kwa jina lingine, baada ya wewe na binti wa Mbeya kuipitia nakala hiyo.

Mwalimu